Kina, si Wingi: Jinsi Maji Yaliyotulia Yanavyosukuma

Kanieneo, ambayo mafundi bomba huiita presha, ni kani inayobana kila kipande cha eneo. Katika kimiminika kilichotulia, yawe maji ya Ziwa Victoria, mafuta ndani ya pipa au maziwa kwenye kibuyu, kanieneo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka, na huongezeka kwa kiasi kilekile kila mita. Upana wa chombo hauibadilishi, wala umbo lake, wala wingi wa kimiminika kilichomo. Ukiacha uzito wa hewa iliyo juu, mambo yanayoiamua ni matatu tu: kina, densiti ya kimiminika na nguvu ya mvutano wa dunia. Kwenye mwambao wa Mwanza kanuni hii inagusa maji ya bombani, uvuvi wa sangara, malambo ya mifugo na usalama wa vyombo vya majini.

Uzito wa maji yaliyo juu

Chanzo cha kanieneo ni uzito. Katika ghala la kinu cha kuchambua pamba, robota la chini kabisa hubeba uzito wa marobota yote yaliyopangwa juu yake, la katikati hubeba nusu, na la juu halibebi kitu. Maji nayo hubebana hivyo, tabaka juu ya tabaka.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua nguzo ya maji yenye kitako cha mita moja ya mraba na kimo cha mita moja. Hiyo ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, na tungamo yake ni karibu kilo 1,000. Mvutano wa dunia huipa uzito wa karibu newtoni 9,800. Uzito huo ukigawanywa kwa eneo la kitako, jibu ni paskali 9,800, au kilopaskali 9.8. Kwa hiyo kila mita ya kushuka ndani ya maji baridi huongeza karibu kilopaskali 9.8. Kwa lugha ya mizani, kila mita moja ya kina huongeza gramu 100 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Kiganja chenye eneo la sentimita 100 za mraba kikiwa mita 5 chini ya maji husukumwa na kani sawa na uzito wa kilo 50.

Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40 hivi, na sehemu zake za ndani kabisa hufikia mita 80 na zaidi kidogo. Kwenye mita 80 maji peke yake hubana kwa kilopaskali 784. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ni jambo jingine kabisa: huko chini kanieneo hupita mara 140 ya ile ya hewa ya ufukweni mwa bahari. Victoria ni kubwa zaidi kwa eneo, kwani lina karibu kilomita za mraba 68,800, lakini ukubwa huo hauongezi hata paskali moja kwenye sakafu yake.

Hewa nayo ina uzito

Juu ya maji kuna hewa, na hewa nayo hubana. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli, mwanasayansi wa Italia, alionyesha kwamba uzito wa hewa unaweza kushikilia nguzo ya zebaki yenye kimo cha sentimita 76 hivi ndani ya mrija wa kioo uliozibwa juu. Miaka mitano baadaye, Septemba 1648, Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa akiwa na mrija wa aina hiyo, kwa maagizo ya shemeji yake Blaise Pascal. Juu ya mlima, nguzo ya zebaki ilikuwa fupi kwa karibu sentimita 8 kuliko chini. Ilidhihirika kwamba kadiri mtu anavyopanda, hewa iliyobaki juu yake hupungua na kanieneo yake hushuka. Kipimo cha kanieneo leo kinaitwa kwa jina la Pascal.

Mwanza iko juu. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa hubana kwa karibu kilopaskali 88, wakati Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hewa hubana kwa karibu 101. Tofauti hiyo ina matokeo. Baharini, mzamiaji hushuka mita 10 ndipo kanieneo inayomzunguka iwe maradufu ya ile ya juu. Kwenye Ziwa Victoria mita 9 zinatosha, kwa sababu alianza na hewa nyepesi zaidi. Kanieneo kamili mahali popote ziwani hupatikana kwa kujumlisha ile ya hewa na ile ya maji: kwenye mita 80, kilopaskali 88 na 784 hufanya 872, karibu mara kumi ya ile iliyo juu ya maji.

Kila upande, kila umbo

Robota la pamba hubana lililo chini yake tu. Maji hubana kila upande. Mahali popote ndani ya maji yaliyotulia, kanieneo kwa kina kimoja ni ileile kuelekea chini, pembeni na hata juu. Sababu ni kwamba kimiminika hakiwezi kustahimili msukumo usiolingana; upande mmoja ukizidiwa, maji hutiririka kuelekea huko mpaka pande zote zilingane. Kutulia kwa maji maana yake ni kwamba ulinganifu huo umeshafikiwa. Ndiyo maana ndoo iliyotoboka ubavuni hurusha maji kwenda pembeni, na tundu la chini hurusha kwa kasi zaidi kuliko la juu.

Msukumo wa kuelekea juu ndio unaoelesha vyombo. Tumbo la mtumbwi lililo ndani ya maji husukumwa kwenda juu na maji yaliyo chini yake. Mtumbwi ukipakiwa huzama kidogo, tumbo lake hufika kwenye kina zaidi, msukumo huongezeka, na chombo husimama pale msukumo unapolingana na uzito. Mzigo ukizidi, ukingo hufika usawa wa maji kabla ulinganifu haujapatikana.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba umbo halihusiki. Mwaka 1586 Simon Stevin, mhandisi wa nchi za Uholanzi na Flanders, alichapisha kitabu alichothibitisha ndani yake kwamba maji yaliyo ndani ya mrija mwembamba yanaweza kubana kitako cha chombo sawasawa na maji mengi ya chombo kipana, mradi kimo ni kimoja. Kisima chembamba chenye maji ya kina cha mita 8 kina kanieneo ileile kitakoni kama Ghuba ya Mwanza pale inapokuwa na kina cha mita 8. Ziwa lote lililoko nyuma ya ghuba hiyo, hadi Entebbe na Kisumu, halina la kuongeza.

Kuta za malambo

Usukumani wafugaji hutegemea malambo, mabwawa madogo ya kuta za udongo yanayohifadhi maji ya mvua kwa ajili ya ng'ombe. Ukuta wa lambo huwa mnene chini na mwembamba juu, na kanuni ya kina inaeleza kwa nini. Kwenye uso wa maji ukuta hausukumwi na maji hata kidogo. Kitakoni husukumwa kwa nguvu zote.

Lambo lenye maji ya kina cha mita 3 husukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta wake wima kwa kani sawa na uzito wa tani 4.5. Kina kikifika mita 6, kani haiwi maradufu. Huwa mara nne, yaani tani 18. Hii ni kwa sababu mambo mawili yameongezeka pamoja: wastani wa kanieneo na eneo la ukuta linaloguswa na maji. Kwa jumla, msukumo wote huo hufanya kazi kana kwamba umekusanyika kwenye theluthi moja kutoka chini. Wanakijiji wanaoinua ukuta wa lambo la zamani ili liweke maji zaidi hawana budi kuunenepesha na kuushindilia kuanzia kitako. Kuongeza tuta juu tu ni kuongeza mzigo bila kuongeza mbebaji. Kwa upande mwingine, kulipanua lambo kwa kuchimba kuelekea bondeni kwa kina kilekile hakuongezi msukumo wowote kwa kila mita ya ukuta.

Maji ya bomba na vilima vya Mwanza

Mji wa Mwanza umejengwa juu ya mawe na vilima. Nyumba za Igogo, Mabatini, Isamilo na Bugando zimepanda miteremko, nyingine makumi ya mita juu ya ziwa. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira, MWAUWASA, huvuta maji ziwani, hasa Capri Point na Butimba, huyasafisha, kisha pampu huyapandisha hadi kwenye matangi yaliyo vilimani. Kutoka hapo maji hushuka kwa uzito wake.

Kila tangi la kilimani hugawa mji katika tabaka. Nyumba iliyo mita 60 chini ya uso wa maji ya tangi hupata kanieneo ya karibu kilopaskali 590 maji yakiwa yametulia, kiasi cha kupasua mabomba hafifu na kuharibu koki. Nyumba iliyo mita 10 chini ya tangi hupata 98. Nyumba iliyo juu kuliko tangi haipati kitu, hata ikiwa imejengwa jirani nalo. Ndiyo sababu wahandisi huweka matangi katika vimo tofauti, kila moja likihudumia ukanda wake, na hufunga vipunguza presha kwenye njia zinazoshuka sana.

Hesabu hizo ni za maji yaliyotulia. Mabomba mengi yakifunguliwa kwa pamoja, asubuhi na jioni, maji hukimbia ndani ya bomba, husuguana na kuta zake, na sehemu ya kanieneo hupotea njiani. Waishio juu ndio wa kwanza kukosa. Usiku wa manane, wengi wakiwa wamefunga koki, maji hukaribia kutulia na kanieneo hurudi karibu na ile inayotokana na kimo cha tangi. Kwa hiyo maji yanayofika mlimani usiku na kupotea mchana hayana siri: bomba lina kimo cha kutosha likiwa limetulia, na halina likiwa kazini.

Kanuni hiyohiyo inabeba mradi mkubwa zaidi. Maji ya Ziwa Victoria huchotwa Ihelele, wilayani Misungwi, husafishwa na kusukumwa hadi matangi yaliyo kilima cha Mabale. Kuanzia hapo mvutano wa dunia huyapeleka kuelekea Shinyanga na Kahama. Mradi huo ulizinduliwa mwaka 2009, na baadaye maji hayo yalifikishwa Nzega, Igunga na Tabora. Umeme hulipiwa kwa kupandisha. Kimo kikishapatikana, hulipa sehemu kubwa ya safari.

Nyumbani, kosa la kawaida ni kuchanganya wingi na kimo. Tangi la lita 5,000 lililowekwa chini, likiwa na maji ya kimo cha mita 1.5, huipa koki iliyo mita moja kutoka ardhini kilopaskali 5 tu. Tangi la lita 500 juu ya mnara wa mita 4, likiwa na maji ya kimo cha mita 0.8, huipa koki hiyohiyo kilopaskali 37. Kubwa linadumu siku nyingi zaidi; dogo linatoa maji kwa nguvu zaidi ya mara saba.

Mwisho wa kunyonya

Pampu ya kunyonya iliyowekwa juu ya kisima haivuti maji kwa maana halisi. Huondoa hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya nje inayobana uso wa maji kisimani huyasukuma yapande. Hivyo pampu haiwezi kupita uwezo wa hewa. Ufukweni mwa bahari ukomo wa kinadharia ni mita 10.3, Mwanza ni mita 9 tu, kwa kuwa kilopaskali 88 haziwezi kushikilia nguzo ndefu zaidi ya hiyo. Kwa vitendo, kwa sababu ya msuguano, mvuke na uvujaji wa viungo, mita 6 au 7 ndizo za kutegemewa. Mwenye shamba la mboga anayeweka pampu juu ya mwamba ulio mita 9 au zaidi kutoka kwenye maji hatapata kitu, hata akinunua injini kubwa mara mbili. Dawa ni kuishusha pampu karibu na maji, au kutumia ile inayozamishwa ndani yake, kwani kusukuma maji kutoka chini hakuna ukomo huo.

Sangara, mabondo na pumzi

Maji hayabanwi kirahisi, lakini hewa hubanwa. Kanieneo ikiwa maradufu, hewa iliyofungiwa hubaki nusu ya ujazo wake, mradi joto halibadiliki. Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, ana ndani ya mwili wake mfuko wa gesi unaomsaidia kuelea kwenye kina anachotaka. Mfuko huo ndio bondo, na mabondo yaliyokaushwa ni bidhaa ya bei kubwa inayosafirishwa hadi China.

Bondo la sangara halina njia ya kutolea gesi kwa haraka. Samaki aliyekuwa kwenye kina cha mita 30 ameizoea kanieneo ya kilopaskali 382. Akivutwa haraka hadi juu, ambako ni 88, gesi hutaka kutanuka zaidi ya mara nne. Ndiyo maana sangara wa maji ya kina hutolewa akiwa amefura tumbo, pengine tumbo la chakula limesukumwa hadi mdomoni. Kumrudisha majini hakusaidii sana: mwili uliofura humzuia kushuka tena.

Binadamu hapondwi na maji ya mita chache kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wake ni maji. Masikio na mapafu, yenye hewa, ndiyo yanayohisi. Kwenye mita 2 ngoma ya sikio tayari huuma. Wapo vijana wanaojaribu kuzamia huku wakipumua kupitia mpira mrefu unaotokeza juu ya maji. Ni hatari. Kwenye kina cha mita moja kifua hubanwa na karibu kilopaskali 10 zaidi ya hewa inayovutwa mpirani, na huo ndio karibu mwisho wa nguvu za misuli ya kupumua. Mzamiaji wa kweli hupumua hewa iliyoshindiliwa hadi kulingana na maji yanayomzunguka, na hupanda polepole ili gesi iliyoyeyuka katika damu isigeuke mapovu.

Gesi kuyeyuka chini ya kanieneo ni jambo kubwa zaidi katika Ziwa Kivu, mpakani mwa Kongo na Rwanda. Kivu lina kina cha karibu mita 485, na maji yake ya chini yameshikilia kiasi kikubwa sana cha kaboni dayoksaidi na methani. Upande wa Rwanda, maji hayo hupandishwa kwa mabomba, kanieneo hushuka, gesi hutoka kama mapovu na methani hutumika kuzalisha umeme.

Hewa iliyonaswa chomboni

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilipinduka ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walipoteza maisha, na wengi wao wamezikwa Igoma. Baada ya kupinduka, meli haikuzama mara moja. Ilielea kifudifudi, kitako juu, huku ndani yake kukiwa na watu na hewa. Waokoaji walitoboa kitako hicho ili kuwafikia. Hewa ilitoka, na meli ikazama.

Hidrostatiki, yaani elimu ya vimiminika vilivyotulia, inaeleza kilichotokea. Hewa iliyonaswa ndani ya chombo kilichopinduka hubanwa na maji yaliyoingia kutoka chini, na kanieneo yake hulingana na ile ya maji pale hewa na maji vinapokutana. Uso huo ukiwa, kwa mfano, mita 2 chini ya uso wa ziwa, hewa ya ndani huwa na kilopaskali 20 zaidi ya hewa ya nje. Tofauti hiyo ndiyo inayozuia maji kupanda na ndiyo inayobeba meli. Tundu likitobolewa juu, hewa hukimbilia nje, maji hupanda ndani kujaza nafasi yake, na meli hupoteza kinachoielesha.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Siku mbili baadaye fundi mitambo wake alitolewa akiwa hai, kwa kuwa palikuwa na hewa iliyobaki sehemu aliyokuwamo. Hewa iliyonaswa katika chombo kilichopinduka inaweza kuwa uhai wa mtu na uhai wa chombo kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo, kabla ya kukata chuma, chombo hufungwa kwanza kwenye vyombo vingine au mifuko ya kuelea, au wazamiaji huingia kupitia chini, ambako kufungua mlango hakuitoi hewa.

Kanuni ya kukumbuka

Kilopaskali 9.8 kwa kila mita ni kipimo cha maji baridi. Maji ya bahari, kwa chumvi yake, huongeza karibu 10. Mafuta ya taa, yaliyo mepesi, karibu 8. Zebaki zaidi ya 130. Joto la maji ya ziwa hubadili hesabu kwa sehemu chini ya moja kwa mia, kiasi kisichomhusu fundi bomba wala mvuvi.

Anayejenga ukuta wa lambo apime kina cha maji kabla ya kupima upana wa bwawa. Anayenunua pampu apime kimo kutoka kwenye maji hadi pampu kabla ya kuuliza ukubwa wa injini. Na anayelalamika kwamba maji ya nyumbani hayana nguvu, kabla ya kununua tangi kubwa zaidi, aliinue alilonalo: kila mita moja ya mnara itampa karibu kilopaskali 10, kwa miaka yote.